Figa la Tatu na Manowari ya Bomba Tatu

Small Heath, Birmingham
3 Juni 2002

Mdogo wangu Mwanamkasi,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Mimi mzima, ila goti limeninunia. Kifua chako je? Na mjukuu wetu Safiya, anahesabu siku za harusi au bado anajifanya ana haya?

Kaa chini nikupe habari. Kakako siku hizi nasomesha Chuo Kikuu cha Birmingham. Wazungu kimya, kalamu mkononi, nawamwagia historia ya manowari za Kaisari wa Ujerumani.

Haya, uongo. Nimeingia darasa la kompyuta la wazee, hapa maktaba ya mtaani, na nimeingia kwa sababu ya biskuti. Mjukuu wangu Asmahan ndiye ananishikia kipanya. Tuliambiwa kila mtu atafute cha kwao. Jirani yangu Inderjit akatafuta mpira wa magongo. Mimi nikatafuta Manowari ya Bomba Tatu, ile ya hadithi za bibi. Ipo! Tulimdhania bibi anatulaza tu.

Kaisari alikuwa mjukuu wa malkia wa Waingereza, akamwonea wivu bibi yake kwa meli zake. Akaunda meli, akaunda nyingine, mpaka bahari yake ikawa haina pa kugeukia. Vita ilipokuja, zile kubwa nyingi zikakaa bandarini kama mwari ndani. Yetu ndogo ya bomba tatu, Königsberg, ndiyo iliyokuwa na moyo. Ilimvizia Mwingereza bandarini Unguja, anatengeneza mashine, ikamzamisha, ikaja kujificha huko kwetu kwenye mikoko. Waingereza wakaifuata wakaitwanga, nahodha akaimalizia mwenyewe. Na zile kubwa? Zilipelekwa Scotland mateka, wenyewe wakazifungulia maji, zikazama. Jasho lote lile!

Yule Mjerumani wa mlangoni kwako bado yupo?

Kaka yako,
Haidari

Delta ya Rufiji
28 Juni 2002

Kaka Haidari,

Shikamoo. Kifua kimetulia, alhamdulillahi. Goti limekununia kwa kuwa hulipumzishi, unazurura kwa watu kutafuta biskuti.

Mjerumani yupo. Tangu babu alipolitoa lile dude la chuma matopeni linazuia mlango wa jiko, na watoto wote wamekua wakilikalia. Picha hii Safiya amekaa juu yake kama kwenye kiti cha enzi.

Sasa limepata kazi. Harusi ni Jumamosi, tarehe tatu Agosti. Tumeazima sufuria kubwa la pilau la msikitini, na mafiga yetu ya kichuguu yatamomonyoka. Huku ni tope tupu, wajua, jiwe unalisikia kwenye hadithi. Mawili nimeyapata, ya zege. La tatu nitamchimbia Mjerumani. Chuma hakiungui. Umeona akili?

Mdogo wako,
Mwanamkasi

Small Heath
25 Julai 2002

Mwanamkasi,

Salamu baadaye. USIPIKE JUU YA LILE DUDE.

Barua yako imefika leo. Nilimwonyesha Asmahan picha, nikijisifia uzuri wa Safiya. Mtoto hakumtazama Safiya. Akasema, "Babu, that's a shell. Is it live?" Ati ni bomu, na je, li zima? Nikamwambia koma, hilo ni la mlango. Akaniwekea picha nyingine kwenye kompyuta. Ni lenyewe, Mwanamkasi, shingo na kila kitu. Ni kichwa cha bomu la mzinga wa meli! Lisilolipuka linakaa na baruti yake tumboni, linasubiri moto.

Barua hii itachelewa, najua. Nimekwisha kupiga simu dukani kwa Mwinjuma pale Kibiti, inakata. Nimepiga tena, nimempata, nimempigia kelele, sijui kasikia nini. Leo hata biskuti sijala.

Nijibu. Tafadhali, dada.

Haidari

Delta ya Rufiji
12 Agosti 2002

Kaka yangu,

Shikamoo. Tu wazima, sote. Nimeanza na hilo upate kupumua.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, dude limekwisha chimbiwa, kuni zimepangwa, kiberiti ninacho mkononi. Mara mtumbwi wa Mwinjuma huo, wiki nzima tangu simu yako, yeye amesimama anapunga shati. "Kakako kasema msimpikie Mjerumani!" Wapishi wakacheka. Nikamjibu, "Mwambie harusi hii hatukualika Wajerumani." Yule mtu akaruka majini na nguo zake, akazivuta kuni zote. "Ni bomu, mama!"

Nilikasirika, nikasema Ulaya imekufanya mwoga. Lakini wapishi walikwisha kufika kisimani, na mwiko wao.

Pilau tulipika kwenye kichuguu. Figa likamomonyoka, sufuria likainama: upande mmoja mbichi, mwingine mkaa. Ule wa mkaa tukawapa kina bwana harusi.

Juzi wakaja askari wa mabomu. Wakalibeba kama mtoto mchanga hadi kwenye fungu la mchanga, wakalilipua. Kaka, ardhi iliruka. Kuku wangu hawajataga mpaka leo. Nikakaa chini mlangoni, nikacheka mpaka nikalia, nikikumbuka makalio yote yaliyokaa pale, na yangu makubwa kuliko yote.

Ila mwalimu wa manowari umefeli. Askari walisoma alama: si la Mjerumani. La Mwingereza, aliyeilenga meli akapiga tope.

Mdogo wako aliye hai,
Mwanamkasi

Small Heath
29 Agosti 2002

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nimekaa, halafu nikamsomea Inderjit ambaye haelewi Kiswahili hata kidogo. Akalia pamoja nami. Biskuti nimezirudia.

La Mwingereza? Nilipaswa kujua! Nimeishi nao miaka thelathini. Kitu chao hukawia lakini hufika, kama basi la Coventry Road. Walirusha wakati wa babu, likapasuka mwezi wa harusi ya Safiya.

Sasa tuongee mambo ya maana. Ulipovunja mtungi wa mama nikasema ni mimi, na fimbo nikala mimi, uliniahidi msala wa ukindu wa kuswalia. Sikukudai, nikasema mtoto huyu atakumbuka. Leo nimekuokoa na mtungi, nimekuokoa na bomu.

Msala wangu uko wapi? Uwe na milia myekundu pembeni, na uwe mnene. Goti bado limenuna.

Kaka yako,
Haidari