Chupa ya Kijiji Niliyompikia Mume Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua. Mimi ni mke wa miezi michache tu, na kabla sijasema shida yangu niseme kwanza kwamba nimeolewa na mwanamume mzuri kuliko wote katika wilaya hii, anaitwa Barnaby, anatengeneza matrekta, anarudi nyumbani ananuka dizeli na mimi naipenda hiyo harufu kuliko manukato, na kijumba chetu kiko nyuma ya kanisa na mlango wake ni mfupi hivi kwamba kila akiingia lazima ainame, nami hujifanya ni mimi anayeniinamia.

Yeye amezaliwa hapa, mimi nimetokea mjini Coventry, na nilikuwa naogopa kwamba watu wa kijijini watanitazama kama mgeni mpaka nizeeke, lakini walinipokea vizuri mno, wakanipa zamu ya kupanga maua kanisani, wakanifundisha kukata sandwichi za matango nyembamba kama karatasi, na usiku wa maswali na majibu pale baa wakanigombania niwe katika timu yao, ingawa nilijua jibu moja tu na lilihusu mabasi.

Basi mwezi Julai kukawa na tamasha la kijiji, mvua ikanyesha kama kawaida, sote tukahamia ukumbini na keki zetu, na katika bahati nasibu tiketi yangu ikashinda chupa ya mvinyo wa tangawizi. Nilishangaa kwamba watu walinipigia makofi mimi kuliko yule aliyeshinda kapu zima la nyama. Kisha Bi Winifred, mama mmoja mjane anayekaa karibu na daraja, akanibusu shavuni akaniambia, "Itunze, mwanangu." Mimi nikadhani ananishauri niiweke pasipo na joto. Nikaiweka juu ya kabati, nikaisahau.

Juzi Barnaby alitoka mapema kazini kwa ajili yangu, nikataka kumfurahisha, nikamtengenezea ile keki ya bakuli inayoloweshwa mvinyo kisha inafunikwa kwa kastadi na krimu, na kwa kuwa nampenda sana sikupima, niliimimina chupa yote. Alikula sahani mbili, akalamba kijiko, akasema, "Mpenzi, sijawahi kula kitu kama hiki. Umetia nini?"

Nikamwonyesha chupa.

Mshauri, uso wake ukawa mweupe kama ile krimu. Akasema, "Hiyo ni chupa ya Cyril."

"Cyril ni nani?"

"Marehemu mume wa Bi Winifred. Hiyo chupa haifunguliwi. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui."

"Ukishinda unakaa nayo, kisha unairudisha kwenye bahati nasibu inayofuata. Ndivyo ilivyo."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Huwa hatuambiani," akasema. "Inajulikana tu."

Ndipo akanieleza kwamba mzee Cyril alipokatazwa pombe na daktari aliitoa chupa yake ya mwisho kwa bahati nasibu ya kuchangia paa la kanisa, akafa kabla ya mavuno, na aliyeishinda hakuwa na moyo wa kuinywa, akairudisha, na aliyefuata naye akairudisha, na tangu hapo imezunguka nyumba zote za kijiji hiki, hata kasisi, ambaye kila mtu anajua anavyopenda glasi yake, alikaa nayo majira yote ya baridi bila kuigusa. Mimi ndiye niliyeimwaga kwenye keki.

Na bahati nasibu inayofuata ni ya karamu ya mavuno, Jumamosi ya wiki ijayo. Jana niliingia dukani kununua mayai nikamkuta Bi Winifred na Bi Marjorie, mwenyekiti wa kamati, nikataka kurudi nyuma lakini kengele ya mlango ilikwisha kulia.

"Bibi harusi," akasema Bi Marjorie, "chupa yetu inakula vizuri huko kwenu?"

"Usimsumbue mtoto wa watu," akasema Bi Winifred. "Wewe ulipokaa nayo uliiweka karibu na jiko mpaka lebo ikakunjika."

"Lebo ilikunjika kwa kasisi, siyo kwangu."

"Kasisi hana jiko, Marjorie. Anakula kwenu."

Nikacheka nao, mshauri, nilicheka kweli, halafu Bi Winifred akanishika mkono akaniambia kwa sauti ndogo, "Unajua, nikiingia ukumbini nikaiona pale mezani, najisikia kama Cyril ametangulia kunishikia kiti." Nilinunua mayai ambayo sikuyahitaji tena nikaenda kulia nyuma ya kanisa.

Barnaby anasema dawa ni rahisi, chupa tunayo, tuijaze chai ya rangi iliyopoa, tubane kifuniko, hakuna atakayeifungua maisha yake yote na Bi Winifred hataumia. Anasema kwa upole, kwa sababu hapendi kuniona nalia, na akisema kitu kwa macho yale ya buluu mimi hukubali kila kitu, lakini hiki kinanikaa kooni. Nikisema ukweli namvunja moyo mama wa watu na labda kijiji kizima kitanichukia, nikinyamaza nitakuwa nampa chai amwone mumewe ndani yake. Hili ndilo jambo la kwanza mimi na mume wangu kutokubaliana. Nifanye nini?

Ni mimi, mwenye furaha nyingi na hofu moja kubwa.

JIBU LA BI HESTER

Nimecheka, mwanangu, na sikungoja mwisho wa barua. Nilipofika kwa Bi Winifred na kiti chake nikaacha.

Tuanze na huyo mumeo. Mwambie nimesema hivi: mwanamume aliyekaa na chupa hiyo juu ya kabati lake tangu Julai, akaiona kila asubuhi alipokuja kukuchukulia chai, na asifungue mdomo, hana haki ya kupanga mipango sasa. Macho ya buluu hayahesabiki. Na hicho kijiji chenu nacho kina lawama. Mnamwachia mgeni kitu cha thamani kisha mnatarajia akisome hewani. Wewe hukuiba wala hukudharau. Ulishinda chupa, ukaipikia.

Ila ukitia chai humo utakuwa umefanya kosa kweli. Fikiria utakavyokaa ukumbini kila tamasha, kila karamu, miaka na miaka, ukimtazama yule mama akiitabasamia chai yako. Utaanza kumkwepa. Kisha utaikwepa karamu, kisha maua ya kanisani, na mwisho utakuwa mgeni kwa hiari yako mwenyewe, baada ya watu kukupokea vile. Na siku moja mtu ataidondosha, na chai inajulikana kwa harufu.

Fanya hivi. Osha chupa, usiibandue lebo. Nenda kwa Bi Winifred mchana, wewe na Barnaby, pitieni mlango wa nyuma kama watu wa nyumbani. Usibebe maua, hakuna msiba mpya. Sema wewe, siyo yeye, na useme kabla hajaweka birika jikoni, maana akishakupa chai na biskuti hutasema tena. Mwambie: nilifungua chupa ya Cyril, sikujua, nilimpikia mume wangu. Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikasirika, amekasirika, utarudi kesho yake na keshokutwa. Akikuuliza ilikuwaje, mwambie ilikuwa tamu na kwamba mumeo alilamba kijiko. Miaka yote hiyo mume wake amesifiwa kwa mvinyo ambao hakuna aliyeuonja.

Chupa tupu mpe yeye. Kama atakaa nayo dirishani au atataka iwekwe mezani hivyo hivyo ikiwa tupu, ni uamuzi wake, wala si wa kamati. Halafu mwombe ruhusa ya kupeleka mpya kwenye karamu, ya aina ileile, na mwombe aifungue yeye. Marjorie atanung'unika. Mpe glasi.

Sasa sikiliza. Majina nimeyabadilisha yote, na jina la kijiji nimelificha, lakini chupa siwezi kuibadilisha, na sidhani wilaya hii ina kijiji kingine chenye mvinyo usionywewa. Ndiyo maana nimekutumia nakala ya jibu hili kwa posta Jumatatu. Gazeti linatoka Ijumaa asubuhi, na wajane wa karibu na madaraja hulisoma kuanzia ukurasa huu.

Kama posta imechelewa na unalisoma hapa gazetini kwa mara ya kwanza, usimalizie chai yako. Vaa viatu, mwamshe Barnaby, mkimbie hadi darajani.