Michembe Uliyoikuta kwa Kuku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Leo nimefungua shajara ya mwaka ule ulipokuja kwangu Nyahanga bila taarifa. Mimi ninayeandika hata saa ya mvua kukatika, siku hiyo niliandika mistari mitatu tu: "Mama amefika saa nne. Ameondoka saa nane. Hakukasirika."

Unakumbuka Kishapu, nilipokuwa sekondari? Kila jioni ulikata viazi vitamu vya kuanika michembe huku ukiniuliza, "Kizungu cha leo?" Siku moja nikakusomea daftarini: kontempti, kumwona mtu au kitu hakistahili hata kutazamwa.

"Si dharau hiyo? Mbona mwalimu wako anaizungusha?"

Kesho yake ng'ombe wetu mwekundu akazipa pumba mgongo. Ukamfokea, "We! Usiniletee kontempti hapa!" Tulicheka mpaka baba akatoka ndani. Tangu hapo neno likawa lako. Mbuzi alikuwa na kontempti, hata mvua.

Kisha nikaolewa na fundi wa mgodini, mezani kwangu kukawa na mkate. Ukaendelea kunitumia michembe kwa gunia, umeikata nyembamba, umeianika juu ya mwamba. Watoto wakaikataa, nami sikuwabembeleza. Nikailoweka, nikawapa kuku.

Siku ile ulipitia mlango wa uani. Ukainamia sinia la kuku, ukaokota kipande, ukakipangusa na khanga. Nilisimama na beseni mkononi, nikisubiri uniambie lile neno.

"Mama Neema," ukasema, "kuku wako wamenenepa."

Ukaingia jikoni, ukaomba karanga, ukapika michembe iliyobaki. Watoto wakala mpaka wakaramba vidole. Ulipopanda basi ukaniambia, "Ikiisha, sema."

Sikukuomba radhi. Nilidhani nitakuomba msimu wa viazi ukirudi. Hukuufikia.

Mwaka huu nimekata michembe mwenyewe. Vipande vikawa vinene, vikaota ukungu. Ndipo nikajua mikono yako ilikaa muda gani juu ya kila gunia. Vilivyopona nimevipika. Neema kaonja, akasema, "Ya bibi ilikuwa tamu zaidi." Nikamjibu ni kweli.

Kwenye ukurasa ule nimeongeza mstari wa nne: "Nilimdharau mama. Yeye hakunidharau."

Nisamehe, mama. Pumzika.

Binti yako, msomaji wako wa Kizungu cha jioni,
Mama Neema