Zamu ya Samaki, Korbesa

Jumanne, jioni. Vumbi la Kiwanjani, hapa Isiolo, limelala kidogo baada ya kutusumbua mchana kutwa, lakini joto bado limekaa kwenye mabati. Nimerudi leo kutoka Korbesa. Mgongo unauma kwa sababu ya ile barabara, nywele zimejaa mchanga, na hii ndiyo mara ya kwanza kwa muda mrefu nimekaa chini nikatulia.

Wacha niandike kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni Mborana, binti wa mfugaji wa Korbesa. Mume wangu Yusuf ni Mturkana, alisilimu kabla hatujaoana, na kazi yake ni kuvua samaki kwenye mto Ewaso Ng'iro. Anavua huko kwetu, anawakausha, ananitumia kwa lori, mimi nawakaanga hapa mtaani. Watoto wetu wanasoma kwa samaki.

Abba, yaani baba yangu, hajawahi kula nyumbani kwangu. Kwa wazee wetu samaki si chakula, ni kitu anachokimbilia mtu aliyemaliza ng'ombe. Hakukataa ndoa. Alisema tu, mbele ya watu, kwamba anampa binti yake mtu ambaye hana hata mbuzi wa kupotea. Watu walicheka. Yusuf alicheka pia, lakini neno lile lilimkaa, na mimi nililala nalo miaka yote hii.

Sasa, mto. Huko juu unanyonywa na mashamba, na kikibaki kidogo jua la huku linamalizia. Pale Korbesa umebaki madimbwi tu, na maji ya alasiri ni kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kambare hana shida, yule anaishi hata kwenye matope. Shida ni wale wa magamba. Hao hungoja mvua, na maji mapya yakishuka wanayapanda, wanasukumana kwenda juu mpaka kwenye changarawe, ndiko wanakotaga mayai. Wasipopanda, mwaka ujao hakuna cha kuvua. Na maji yakiwa kidogo tena ya moto, wanachoka kabla safari haijaanza. Wengine wanafia hapo hapo na mayai tumboni.

Wale waliobaki walijibana kwenye dimbwi moja lenye kina, chini ya mikoma, ambako maji baridi yanachuruzika kutoka chini ya mchanga. Yusuf aliacha kuvua hapo kabisa. Akaniambia kwa simu kwamba hawa wakifa, basi, yeye ataenda Nairobi kutafuta kazi ya usoja. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema atapitia dukani, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nawajua wanaume wa hapa walioenda kulinda mageti Nairobi. Wengine huonekana Idi. Wengine hata Idi hawaonekani.

Halafu akafanya kosa.

Kila mchana ng'ombe walikuwa wanaingia lile dimbwi, wanalivuruga, wanakojoa humo humo, na samaki wanazidi kukosa pumzi. Yusuf akaona akate matawi ya mgunga ayapange kuzunguka maji, samaki wapate kivuli na ng'ombe wakae nje. Nia nzuri kabisa. Lakini ameishi na sisi miaka yote hii na hakufikiria kwamba kwetu, ukizungushia maji miiba, umesema maji ni yako. Kisima hufungwa hivyo na ukoo uliokichimba. Mto haukuchimbwa na mtu.

Wachungaji wakafika na ng'ombe wenye kiu, wakakuta miiba.

Simu ilinipata nikigeuza samaki kwenye karai. Ni Abba mwenyewe, na Abba hupiga simu mtu akifa tu. Hakusalimia. Alisema, "Njoo umchukue mumeo kabla vijana hawajamchukua," akakata.

Niliwaacha watoto kwa jirani nikapanda lori lililokuwa linarudi Merti, jirani na Korbesa. Njia nzima nilimtukana Yusuf kimoyomoyo. Nilipomaliza nikamgeukia Abba, halafu mto, halafu mimi mwenyewe kwa kupenda mtu wa samaki. Ukweli ni kwamba niliogopa sana.

Nilimkuta ameketi peke yake ukingoni. Miiba alikuwa ameshaitoa kwa mikono yake, na mikono imechanika. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemsalimia pia, na kwetu hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu Abba. Pale Korbesa yeye ndiye aba herega, mpangaji wa zamu za maji. Asubuhi anatangaza mifugo ya nani itakunywa kwanza, ya nani itafuata, na wapi. Habishiwi, hata na tajiri. Na kuna sheria iliyomzidi umri: mnyama akishafika majini na kiu hafukuzwi, hata awe wa mgeni, hata wa adui. Atangoja, lakini zamu yake atapewa.

Alfajiri nilimpelekea chai. Nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha na kuondoka na mume wangu. Badala yake nikasikia mdomo wangu unamwambia, Abba, twende uone.

Akaja. Sijui kwa nini alikuja. Wakati huo wa asubuhi ndipo samaki wanateseka zaidi, pumzi ya majini imeisha usiku kucha. Midomo ilikuwa juu ya maji kila mahali, inafunguka na kufungika. Abba aliegemea fimbo yake. Nikamwambia hawa wana safari. Akauliza wanataka kwenda wapi. Nikamwambia juu, kuzaa. Akauliza wanangoja nini. Nikamwambia mvua.

Akageuza macho upande wa boma lake. Nusu ya ng'ombe wake mwaka huu wana mimba.

Wachungaji walipokusanyika alitangaza zamu kama kawaida. Ngamia wa fulani, ng'ombe wa fulani, mbuzi wa kina fulani, wote kwenye visima vya mchangani, wateke na kumimina kwenye mabirika ya kunyweshea. Kisha akasema dimbwi la chini ya mikoma ni zamu ya mifugo ya mkwe wake, na asiingie mwingine hadi mvua.

Kijana mmoja akacheka, akauliza tangu lini samaki wakapewa zamu ya kunywa. Abba akamwambia, "Walikuwa wanakunywa hapo kabla babu yako hajafika, na hawajawahi kumsumbua mtu." Kicheko kikaisha. Watu wakatawanyika kwenda kuteka maji, na mmoja wao alipompita Yusuf akamwambia salaam aleikum.

Yusuf Kiborana chake ni cha sokoni, na Abba akitangaza zamu huongea haraka. Akaniuliza amesema nini. Nilitaka kumtafsiria yote, neno kwa neno. Nikamwambia tu, "Amesema mifugo yako ipewe zamu." Aliniangalia kuona kama namtania. Kisha akainama, akanawa uso kwa maji ya lile dimbwi, akanawa tena na tena, na mimi nikaangalia kando.

Msidhani Abba amebadilika. Leo wakati wa kuagana nimemkaribisha aje Isiolo, akasema atakuja, lakini maziwa ya kunywa atabeba yake.

Mvua bado. Mawingu yanapita tu. Nimemwacha Yusuf huko, anachunga, ndivyo watu wanavyosema sasa, na wanasema huku wakitabasamu. Nairobi hajaitaja na sijamuuliza. Nikifunga macho naona ile midomo juu ya maji, na najua kwamba mvua ikichelewa sana, zamu ya Abba haitaongeza tone hata moja.

Wanaweza kufa bado. Lakini wakifa, watu wa Korbesa watakuja kukaa na mume wangu na kumpa pole, kama wanavyompa mtu aliyepoteza ng'ombe.