Insha Aliyonisahihishia Mume Wangu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, atasikia.

Ile insha yangu ya mazoezi ya mtihani wa Kiingereza, kuhusu kuamua mambo haraka haraka. Mwalimu aliirudisha, akasema imepooza, niweke mfano wa kweli wa maisha yangu. Nikaandika kwamba niliolewa na mtu niliyemjua mwezi mmoja tu, na kwamba ninajuta.

Nikaiacha mezani nikaenda kuoga. Kutoka, namkuta mume wangu ameishika, kalamu nyekundu mkononi.

Anasahihisha! Nilitamani ardhi ipasuke. Pale kwenye kujuta nilikosea kitenzi, naye amekirekebisha, kwa mwandiko wake ule uliotulia.

Nikamwambia, "Mume wangu, ni mfano tu huo."

Akasema, "Mfano ni mzuri. Ila umesema unajuta, hujasema kwa nini. Bila sababu watakukata maksi."

Hakupaza sauti. Mwenzangu, hakupaza sauti hata kidogo! Akanivutia kiti, akanipa kalamu.

Nimesingizia tumbo, nimejifungia chooni. Yeye bado amekaa pale, anasubiri sababu.

Na ninazo.