Jiwe la Visigino na Daraja la Nyani

Alhamisi, Machi 2015. Mvua imekatika hapa mtaani Beechmont, ugenini, na moyo wangu umetulia tuli.

Nikiri tu: nilibakiza kidogo nimwaibishe mwanangu.

Aline yuko darasa la sita. Mwalimu aliwataka waeleze jinsi kitu cha kale kilivyojengwa, kila mmoja asimame mbele ya wenzake. Jirani yetu, mama wa Kinepali, alikuwa amemsimulia hadithi ya Wahindu: jeshi la nyani lilimjengea mfalme daraja la mawe yanayoelea baharini, ili avuke akamkomboe mkewe aliyetekwa. Mimi Mlokole nikaguna. Halafu nikakumbuka jiwe langu la kusugulia visigino, lile la matundu nililonunua sokoni kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma.

"Hilo linaelea, mwanangu. Nakuapia," nikamwambia.

Tukalijaribu kwenye beseni, likaelea. Furaha yake, acha tu.

Sasa jiwe la miguu ya mtu linaendaje shule? Juzi nikalichemsha na sabuni saa nzima, nikaliacha humohumo lipoe. Likatakata!

Jana akalitia majini. Likazama chubwi.

"Mama, umelifanya nini?"

Aliuliza kwa Kiswahili, na Aline akiniongelesha Kiswahili ujue mambo ni mazito. Nikasema ukweli. Alilia, nami nikatamani ardhi inimeze. Kisha akalipima mkononi, akaona limekuwa zito. Akaelewa kabla yangu kwamba kilichokuwa kikiliinua ni hewa ya kwenye matundu, na mimi nimeyajaza maji. Tukalitia kwenye oveni, moto mdogo, jioni yote.

Leo asubuhi likaelea. Niliruka na kanga yangu pale jikoni.

Hata hivyo leo kazini, kule ghalani, nimebandika lebo za maboksi kichwa chini miguu juu. Kichwani nilikuwa nasali tu.

Nimeshuka kwenye basi nikamkuta Aline kituoni, anacheka mpaka jino la mwisho. Amewaeleza yote, hata sufuria. Kwamba mawe ya namna ile yangeelea kwa muda, kisha yangekunywa maji. Huenda wajenzi walichagua mahali penye kina kifupi, ili yanayozama yawe msingi wa yaliyo juu. Mwalimu akamuuliza nani aligundua hilo la kuzama.

"Nimesema ni mama yangu."

Miaka mitatu katika nchi hii nimekuwa yule mama asiyeweza kusaidia kazi za shule. Nimelia palepale kituoni, na sijali nani ameniona.

Jiwe nimelirudisha bafuni. Sitalichemsha tena.