Zuhura Kwenye Dawati la Mbele

Jumatatu, 5 Januari

Sketi za shule tena. Tangu asubuhi ni buluu tupu. Wazazi wa Voi hukumbuka yunifomu siku shule zinapofunguliwa, kisha wananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Mama mmoja kutoka Ronge alinipigia kelele. Akaambiwa mimi ni kiziwi, akapiga kelele zaidi.

Punje ya mahindi ikanigonga begani. Kwa kuwa sisikii, nyumbani huniita hivyo tangu utotoni, kwa kunirushia punje nigeuke. Alikuwa kaka Salimu. Zuhura, bintiye, amepokelewa shule ya hapa mjini! Naye ni kiziwi, kama shangazi yake. Ishara nimemfundisha mimi. Nyumbani hana mwingine wa kusema naye. Salimu alitaka kumpeleka bweni, kwenye shule ya viziwi niliyosoma mimi, mbali huko. Nilikataa. Nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba sheria haimruhusu kumrudisha mtoto mlangoni. Leo amekubali. Nimefurahi mpaka nimeshona pindo upande wa nje.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeenda kuchungulia darasa. Wamemkalisha dawati la mbele kabisa, mahali pa heshima. Mwalimu Mkamburi ni msichana mpole wa Mbololo, na anamfundisha kwa kupaza sauti. Mishipa ya shingo imemtoka. Maskini, anadhani Zuhura yuko mbali tu.

Zuhura ananakili ubao wote, mwandiko mzuri. Nikamuuliza ameandika nini. Akainua mabega.

Jumatano, 28 Januari

Ofisi ya elimu. Afisa aliniandikia: sheria iko wazi, mwalimu wa lugha ya ishara ndiye hayupo, nisubiri. Mimi na kusubiri tunajuana.

Niliposoma mimi hapakuwa na sheria. Palikuwa na huruma ya watu wa dini na shule chache za mbali. Sheria ya watu wenye ulemavu ilikuja 2003, nimeshamaliza shule. Katiba ya 2010 ikaitaja lugha yetu. Nililia juu ya cherehani. Kisha sheria ya elimu ya msingi, 2013. Mwaka jana nyingine mpya. Zinafuatana kama watoto wa nyumba moja, mdogo anarithi nguo za mkubwa, na hakuna anayenunuliwa viatu. Nina hasira.

Ijumaa, 20 Februari

Futari kwa Salimu. Tambi, uji, midomo yote inakwenda. Wakacheka. Zuhura naye akacheka, amechelewa kidogo tu. Akanivuta mkono: wanacheka nini? Sijui, nikamwambia.

Kicheko kile nakijua. Ni changu. Nimekivaa miaka yote ili watu wasisumbuke kunieleza. Zuhura hakuwa nacho kabla ya shule.

Jumatatu, 23 Februari

Nimerudi darasani. Wenzake wakicheka, anacheka. Wakisimama, anasimama. Kutwa nzima anawachunga kwa macho, na hana hata mmoja wa kumwambia kitu. Mwalimu ameniandikia kwamba ni mtoto mtulivu sana, hasumbui. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jumanne, 24 Februari

Nimegombana na Salimu. Akaniandikia kwenye simu: "Si wewe ulosema sheria iko? Basi mwanangu na akae." Nikamjibu kwamba haki anayo, lugha ndiyo hana. Atazeeka pale mbele akinakili ubao. Akauliza basi nataka nini. Nikaiweka simu, nikarudi kwenye cherehani.

Jumapili, 8 Machi

Silali vizuri. Bweni lilinipa lugha. Huko ndiko nilikopewa jina la ishara, ndiko nilikogombana na mtu kwa mara ya kwanza tukaelewana. Kisha likizo, na punje za mahindi. Mama aliugua, akafa. Sikuwahi kumweleza jambo lolote kubwa kuliko njaa. Shule ilinipa watu, nyumbani nikawa mgeni.

Nachukia kwamba lazima tuchague. Na ile sheria ya kumlazimisha ndugu ajifunze kusema nawe, hiyo sijaiona popote.

Jumatano, 18 Machi

Nimemwandikia Salimu. Apelekwe bweni muhula wa pili. Ila kila jioni, yeye na wifi waje kwangu wajifunze ishara. Mtoto akirudi likizo akute watu wa kuzungumza naye. La sivyo, haendi. Akasoma, akasoma tena, akaondoka.

Mwalimu mkuu nimemwandikia kwamba barua zangu kwa ofisi ya elimu hazitakoma. Baada ya Zuhura atakuja mwingine.

Alhamisi, 26 Machi

Wifi amekuja tangu siku ya kwanza. Salimu amekuja leo. Vidole vimekakamaa kama misumari. Zuhura akamshika mkono, akamrekebisha. Amejifunza "baba", "maji", "rudi". Alirudia "rudi" mpaka akatokwa jasho.

Nimeona wivu. Tena mkali. Mikono ile alikuwa nayo miaka yote, na mimi nilikuwa nyumba ileile.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemaliza kushona jina la Zuhura kwenye nguo zote. Sanduku limefungwa. Analia, kisha anacheka peke yake, hamtazami mtu. Malori ya barabara ya Mombasa nayasikia kwa miguu, kama kila siku.

Salimu akatokea mlangoni. Nikangoja punje. Hakurusha. Akaizunguka cherehani, akasimama mbele yangu, akapeleka vidole mdomoni, polepole, kama anaogopa kukosea.

Dada, chakula.

Nikaifunika cherehani, nikaenda kula.