Sukari Iliyokuwa Ikinikimbia

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, mke wangu na watoto, ambao hawachoki kuuliza shangazi yao atakuja lini. Goti lako linaendeleaje? Shemeji hajambo? Sisi huku tu wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu.

Najua umeambiwa kwamba nimekuwa mlevi. Asubuhi kabla sijala, jasho lilikuwa likinitoka, mikono ikitetemeka, maneno yakigongana mdomoni. Siku moja nilimnyoa mteja nusu kichwa, nikakaa, nikamwuliza amefuata nini. Mwenye duka la kinyozi akanifukuza. Mke wangu alininusa mdomo, hakupata harufu yoyote, akaninywesha chai yenye sukari nyingi. Haikuchukua muda nikawa mtu tena. Ndiye aliyesema hii si pombe, akanikokota hadi hospitali.

Walinilaza bila chakula, wakinipima damu mpaka sukari ikaporomoka. Daktari alinieleza kwamba ndani ya kongosho mna seli zinazoishi kama majirani: hizi hutoa insulini ya kushusha sukari, zile hutoa homoni ya kuipandisha, na nyingine huzituliza zote mbili. Tumbo likiwa tupu, za insulini hutakiwa kunyamaza. Zangu zilikuwa zimeota kivimbe, kama punje ya haragwe, kisichomsikiliza jirani yeyote. Wamekitoa. Sasa naamka mkavu, na mwenye duka amekuja mwenyewe kuniomba radhi.

Dada, hapa kaa chini. Daktari aliniuliza habari za ukoo, nikamsimulia juu ya baba: alivyokuwa akipepesuka asubuhi kiwandani, akaachishwa kazi, akaapa hajaonja hata tone, nasi wanawe tukatazama chini. Daktari alisema hawezi kuapa juu ya marehemu, ila kipimo kimeonyesha ugonjwa wangu ni wa kurithi, na kwa nilivyomweleza, upande wa mama hakuna mwenye dalili hizo. Nilipomwambia mama, alisema, “Kumbe mume wangu alikuwa anasema kweli.” Tangu hapo anamtaja baba kila tukila, tena akicheka.

Nakusihi ukapimwe, hata kama huumwi. Kivimbe kikionekana mapema kinatibika. Nitakusindikiza.

Msalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Mama naye anakusalimu. Anasema ukija twende sote kaburini; ana neno la kumwambia baba, na anataka tuwepo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba